Bodi Ipimwe Kabla ya Kuhukumiwa

Siku hizi hakuna hukumu inayotolewa kwa wepesi katika nchi yetu kama hukumu ya maneno mawili: "Bodi imekufa." Hutolewa na fundi aliyesimama mbele ya jokofu, televisheni au mashine ya kufulia, mara nyingi kabla kifuniko hakijafunguliwa, na hutolewa mbele ya mwenye nyumba ambaye hana njia ya kuikatia rufaa. Baada ya hapo njia huwa mbili tu: ama kununua bodi nzima nyingine, ikiwa inapatikana, ama kukitupa chombo na kuanza kudunduliza fedha za kingine. Sisi tunaona kwamba wakati umefika wa kulitazama jambo hili kwa makini, kwa sababu linagusa mifuko ya wananchi, uhai wa mafundi na usafi wa ardhi yetu, Bara na Visiwani.

Tuchukue mfano wa Madale, katika Kata ya Wazo, Wilaya ya Kinondoni, pembezoni mwa jiji la Dar es Salaam. Hicho ni miongoni mwa vitongoji ambavyo mji umevifuata mbio. Watu wamejenga, wamehamia na wamevuta umeme, na kila mwaka nyumba huongezeka. Katika nyumba nyingi za namna hiyo jokofu ni mtaji. Mama mwenye nyumba hugandisha barafu za ubuyu na ukwaju za kuwauzia watoto watokapo shule, hupoza maji na juisi kwa ajili ya wapita njia, na huhifadhi samaki wa jirani yake kwa malipo kidogo. Nyumba nyingine ina mgonjwa wa kisukari, na dawa yake ya insulini haina budi kukaa mahali pa baridi. Jokofu hilo likizimika leo, kesho asubuhi kuna samaki wa kutupwa, na mwisho wa juma kuna ada ya shule ambayo haikupatikana. Kwa hiyo fundi atamkapo maneno yale mawili, anatoa uamuzi juu ya riziki ya watu.

Huenda baadhi ya wasomaji wetu wa Visiwani wakauliza: ya Madale yanatuhusu nini? Yanatuhusu sana. Umeme unaowasha taa za Unguja hutoka Bara, hupita Tegeta, mwendo mfupi tu kutoka Madale, hufika Ras Kiromoni na kuzama baharini mpaka uibuke Fumba. Waya wa kwanza wa chini ya bahari, wenye uwezo wa megawati 45, ulianza kazi mwaka 1980. Wa pili, wenye uwezo wa megawati 100, ulizinduliwa mwaka 2013. Pemba nayo iliunganishwa na Bara mwaka 2010 kwa waya wake kutoka upande wa Tanga. Mkazi wa Madale na mkazi wa Fuoni basi wanachota katika kisima kimoja, na kisima kikitibuka, wote hunywa tope.

Wazee na vijana wa Unguja hawahitaji kukumbushwa yaliyotokea mwaka 2008, kisiwa kilipokaa gizani kwa muda wa karibu mwezi mmoja, kuanzia Mei hadi Juni. Hawahitaji kukumbushwa pia ya Disemba 2009 hadi Machi 2010, giza lilipodumu karibu miezi mitatu. Huko Bara nako, mgawo wa umeme wa mwishoni mwa mwaka 2023 na hitilafu ya Gridi ya Taifa ya tarehe 1 Aprili 2024 havijasahaulika. Tunakiri kwa furaha kwamba Bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, ambalo mtambo wake wa kwanza ulianza kuzalisha Februari 2024, limeongeza umeme kwa kiasi kikubwa. Lakini wingi wa umeme katika gridi ni jambo moja, na utulivu wa umeme katika soketi ya nyumba iliyo mwisho wa mstari ni jambo jingine. Vyombo vya nyumbani hudhurika zaidi na hilo la pili.

Ni vyema tueleze kwanza bodi yenyewe ni kitu gani, kwa kuwa hukumu hii hupata nguvu kutokana na kutojua. Jokofu la zamani lilikuwa na mambo machache: kompresa, kidhibiti baridi, kiwashio na taa. Fundi aliyejua manne hayo alijua jokofu zima. Jokofu la leo, hasa lile linalosifiwa kwa kutumia umeme kidogo, lina bodi. Bodi ya umeme ni kibao kinachopokea umeme wa ukutani wa volti 230, kikaugeuza kuwa umeme wa mkondo mmoja, kisha kikaushusha na kuugawa: volti 12 za kuendeshea rilei na feni, volti 5 za kulisha ule ubongo mdogo unaoamua lini kompresa iwake na lini izime. Televisheni na mashine za kufulia zina vibao vya namna hiyo hiyo. Vinatofautiana umbo na ukubwa, lakini misingi ya kazi yake ni mamoja.

Kibao hicho kina maadui wanne katika mazingira yetu. Adui wa kwanza ni umeme usiotulia. Umeme unapokatika na kurudi kwa kishindo, kifaa cha kwanza kupokea kishindo hicho ni bodi. Ubaya huzidi pale waya wa nyutro unapokatika katika njia yenye fezi tatu, kwani hapo baadhi ya nyumba hupungukiwa na umeme, na nyingine hupata volti zinazoweza kukaribia 400 badala ya 230. Adui wa pili ni joto. Kapasita, yaani vile vikopo vidogo vinavyohifadhi na kulainisha umeme, vina maji maalumu ndani yake, na kila joto linapoongezeka kwa nyuzi 10, umri wake hupungua kwa takriban nusu. Jokofu lililobanwa ukutani katika jiko lisilo na dirisha linapika kapasita zake lenyewe. Adui wa tatu ni wadudu: mjusi, mende na sisimizi hupenda uvuguvugu wa bodi, na mjusi mmoja akigusa njia mbili za umeme kwa pamoja hufa yeye na kuua bodi. Adui wa nne anajulikana zaidi na sisi wa Visiwani, naye ni hewa ya chumvi, ambayo huila shaba ya kibao taratibu mpaka njia zikakatika.

Tazameni basi ajabu ya jambo hili. Maadui wote hao wanne kwa kawaida hawaui bodi nzima. Hudhuru kiungo kimoja au viwili. Kapasita iliyovimba, fyuzi iliyoungua, kidhibiti-mshtuko kilichopasuka kikiwa kazini, dayodi iliyoshikana, rilei ambayo midomo yake imeungua, au kiungo cha risasi kilichopasuka kwa kupanuka na kusinyaa kila siku: hayo ndiyo maradhi ya kawaida. Vingi kati ya vifaa hivyo hupatikana katika maduka ya vipuri ya Kariakoo kwa bei isiyozidi ya vikombe vichache vya chai. Kumwambia mwananchi anunue bodi mpya kwa sababu ya kapasita moja ni sawa na kumwambia abomoe nyumba kwa sababu bawaba ya mlango imekatika.

Sasa fundi anayejua kazi yake hufanya nini? Kwanza huuliza. Chombo kilizimika lini? Baada ya umeme kukatika, au kilikuwa kikilegea kwa siku kadhaa? Kilitoa harufu au mlio? Majibu hayo peke yake humpunguzia nusu ya kazi. Pili, huchomoa waya ukutani na kupima soketi yenyewe, kwa kuwa si mara chache ugonjwa uko katika soketi, katika plagi, au katika kifaa cha kulinda umeme kilichochomekwa katikati, na bodi haina kosa lolote. Tatu, huhakikisha kwamba kapasita kubwa ya bodi imeishiwa umeme. Hapa tunaomba wasomaji wasimame kidogo. Umeme wa volti 230 ukishageuzwa kuwa wa mkondo mmoja hufikia takriban volti 325, na kapasita hiyo huweza kuubakiza hata baada ya waya kuchomolewa. Unatosha kumwua mtu. Fundi mwangalifu huutoa polepole kwa resista, kisha hupima kwa mita kuthibitisha kwamba umekwisha. Fundi asiye mwangalifu hugusisha bisibisi, cheche zikaruka, na siku moja hugusisha mkono.

Nne, hutumia macho kabla ya mita. Hutafuta kapasita zilizovimba kichwa, alama za moshi, kinyesi cha mijusi, kutu ya kijani, na viungo vya risasi vyenye ufa mwembamba kama unywele. Tano, hupima fyuzi. Ikiwa fyuzi ni nzima, hutafuta mbele zaidi. Ikiwa imeungua, hajiridhishi kwa kuibadilisha, bali hujiuliza imeungua kwa nini, kwani fyuzi haifi bila sababu. Hupima kidhibiti-mshtuko, dayodi nne za kugeuza umeme, na transista ya kukatakata umeme. Akikuta kifaa kilichoshikana, hukitoa na kuweka chenye vipimo vile vile: volti zile zile au zaidi kwa kapasita, na uwezo wa kuhimili nyuzi 105 za joto na si 85, kwa sababu nchi yetu si ya baridi.

Sita, na hii ndiyo tofauti baina ya fundi na mbahatishaji, haichomeki bodi moja kwa moja ukutani baada ya matengenezo. Kwanza huitenga na kompresa, kisha huiunganisha kwa kupitia globu ya uzi ya wati 60 au 100. Globu ikimweka mara moja kisha ikafifia, bodi imepokea umeme kwa amani. Ikiwaka kwa nguvu na kubaki hivyo, bado kuna kifaa kilichoshikana, na globu imeiokoa bodi isiungue mara ya pili. Mwisho hupima volti zinazotoka, 12 na 5, na kuzitazama kwa dakika kadhaa kama zinatulia. Zikitulia, ubongo wa jokofu utaamka. Zikiwapo zote na jokofu bado limelala, hapo ndipo anapokuwa na haki ya kutilia shaka sehemu nyingine.

Hayo yote yanahitaji mita moja ya kupimia, chuma cha kulehemu, globu moja, na akili iliyofundishwa. Hakuna katika orodha hiyo kitu ambacho kijana wa Madale au wa Chake Chake hawezi kuwa nacho. Mbona basi hukumu ya "bodi imekufa" inazidi kusambaa? Sisi tunaziona sababu tatu, na tungependa kuzitaja bila kumwonea mtu yeyote.

Sababu ya kwanza ni elimu. Vijana wengi waliojiingiza katika kazi hii wamejifunza kwa kutazama wenzao. Wanajua kubadilisha, hawajafundishwa kupima. Kijana huyo anastahili kusaidiwa, wala hastahili kubezwa, maana amejiajiri mwenyewe mahali ambapo wengi wanasubiri kuajiriwa. Lakini ni jambo la kushangaza kwamba anayefunga nyaya za nyumba Bara anatakiwa kuwa na leseni ya EWURA, ilhali anayefungua kibao chenye volti 325 mbele ya watoto sebuleni hakuna anayemwuliza amejifunzia wapi.

Sababu ya pili ni vipuri na michoro. Viwanda huuza vyombo bila kuacha mchoro wa bodi zake, na waagizaji wengi huleta makontena ya majokofu bila kuleta hata bodi moja ya akiba. Chombo kilichotumika, kinachoshushwa bandarini Malindi au Dar es Salaam, huja bila hata kijitabu chake. Fundi huachwa apapase gizani. Na akienda dukani kununua kapasita, huweza kuuziwa ya bandia iliyobandikwa namba kubwa kuliko uwezo wake, ambayo itavimba tena kabla ya mwaka kwisha. Lawama humwangukia yeye.

Sababu ya tatu ni sisi wananchi wenyewe, na hili halisemwi vya kutosha. Tuko tayari kumlipa fundi kwa kifaa alichobadilisha, lakini hatuko tayari kumlipa kwa kupima. Akikaa saa mbili na mita yake, akagundua kwamba ugonjwa ni kiungo kimoja cha risasi, akakilehemu na kudai ujira wa saa zake, tunamwita mwizi: "Umegusa mara moja tu!" Lakini akisema bodi imekufa, akanunua nyingine na kuweka faida yake juu, tunamlipa na kumshukuru. Kwa desturi hiyo tumemfundisha fundi kwamba ukweli haulipi, na kwamba riziki yake iko katika kuhukumu. Daktari hulipwa kwa kupima, hata asipoandika dawa. Kwa nini fundi asilipwe?

Wapo watakaosema kwamba tunakuza jambo dogo, na kwamba maendeleo ni kununua vipya. Hatukubaliani nao. Kwa nchi inayonunua bidhaa hizi kwa fedha za kigeni, kila jokofu linalotupwa kabla ya wakati wake ni fedha zilizotupwa pamoja nalo. Tena hazitupwi mbali. Huenda Pugu Kinyamwezi kwa watu wa Dar es Salaam, na Kibele kwa watu wa Unguja, zikiwa na risasi na kemikali nyingine ambazo mvua huzishusha ardhini. Umoja wa Mataifa, katika ripoti yake ya mwaka 2024, ulieleza kwamba mwaka 2022 dunia ilizalisha tani milioni 62 za taka za vyombo vya umeme, na kwamba zilizokusanywa na kurejelezwa kwa njia rasmi zilikuwa asilimia 22.3 tu. Kwa Afrika kiwango hicho hakikufika hata asilimia 1. Kisiwa hakina ardhi ya kupoteza kwa ajili ya makaburi ya majokofu.

Wala tusidhani kwamba kutengeneza ni desturi ya maskini. Umoja wa Ulaya, wenye viwanda na fedha, tangu Machi 2021 unawataka watengenezaji wa majokofu kuwapatia mafundi vipuri muhimu, bodi zenyewe zikiwemo, kwa muda usiopungua miaka 7 baada ya aina hiyo ya jokofu kuacha kuingizwa sokoni. Kwa mashine za kufulia muda huo ni miaka 10. Ufaransa, Januari 2021, ilianza kuwataka wauzaji wa baadhi ya vyombo, zikiwemo televisheni na mashine za kufulia, waonyeshe alama kati ya 0 na 10 inayomweleza mnunuzi chombo hicho ni rahisi kiasi gani kutengenezwa. Ikiwa Mfaransa mwenye kipato kikubwa analindwa na serikali yake asitupe mashine kwa sababu ya bodi, muuza barafu wa Madale anastahili ulinzi huo mara mbili.

Pamoja na hayo, haki inatutaka tuseme na upande wa pili. Ziko bodi zilizokufa kweli. Kibao kilichoungua mpaka kikageuka mkaa hakifai kurudishwa kazini, kwa sababu mkaa wenyewe hupitisha umeme na utawasha moto usiku watu wamelala. Bodi ambayo ubongo wake wenye maagizo ya kiwandani umeharibika haiwezi kutibiwa bila kupata mwingine uliojazwa maagizo hayo hayo. Aidha, majokofu mengi ya sasa yana gesi inayoshika moto, hivyo ikiwa imevuja, chuma cha kulehemu karibu nayo ni hatari. Hatusemi kwamba kila bodi itengenezwe. Tunasema kwamba kila bodi ipimwe, na kwamba mwenye chombo aambiwe kilichopimwa na kilichoonekana. Hukumu ya kifo itolewe kwa ushahidi.

Vile vile tunaikemea vikali ile tabia ya kubadilisha fyuzi kwa kipande cha waya. Fyuzi ni mlinzi wa mlangoni. Anayemwondoa na kuweka waya amefungua mlango na kumwambia mwizi apite. Nyumba ikiungua, atakayelala nje ni mwenye nyumba.

Kutokana na hayo, tunatoa mapendekezo manne kwa Serikali zetu mbili na vyombo vyake.

Kwanza, Mamlaka ya Elimu na Mafunzo ya Ufundi Stadi, VETA, kwa upande wa Bara, na Mamlaka ya Mafunzo ya Amali kwa upande wa Zanzibar, ziwafuate mafundi hawa waliko. VETA tayari ina utaratibu wa kutambua na kurasimisha ujuzi uliopatikana nje ya vyuo. Utaratibu huo upelekwe Madale, Mbagala, Fuoni na Wete, kwa mafunzo mafupi ya jioni yasiyomnyima fundi riziki yake ya mchana. Somo la kwanza liwe usalama, la pili liwe kupima. Atakayefaulu apewe cheti cha kutundika ukutani, na wananchi waelimishwe kukitafuta cheti hicho kabla ya kuacha chombo chao.

Pili, halmashauri na manispaa zinapotoa leseni za biashara kwa karakana za vyombo vya umeme, ziweke sharti moja jepesi: kila chombo kinachopokelewa kiwe na kadi, na katika kadi hiyo fundi aandike alichopima, alichokikuta na alichobadilisha, na kifaa cha zamani arudishiwe mwenye chombo. Sambamba na hilo, ada ya uchunguzi itambuliwe waziwazi na itangazwe ukutani, ili fundi asilazimike kuificha ndani ya bei ya bodi. Kadi haina gharama kubwa, lakini anayejua kwamba ataandika atapima kwanza.

Tatu, waagizaji wakubwa wa majokofu, televisheni na mashine za kufulia watakiwe kuweka akiba ya vipuri na kuwapa mafundi waliosajiliwa michoro ya bodi. Mashirika ya viwango ya pande zote mbili, TBS na ZBS, yanao uwezo wa kulianzisha hili, na Tume ya Ushindani ina wajibu wa kupambana na vipuri bandia. Biashara kati ya Dar es Salaam na Zanzibar ni ya kila siku, na boti hazikomi. Sharti likiwekwa upande mmoja tu, mizigo itapitia upande wa pili. Kwa hiyo wakubwa wa pande zote mbili hawana budi kukaa meza moja.

Nne, mashirika ya umeme, TANESCO na ZECO, yaendelee kuimarisha njia za usambazaji katika vitongoji vinavyokua haraka, ambako mstari huwa mrefu na nyumba hungojea volti za mwisho. Malalamiko ya volti kupanda na kushuka yapewe uzito kama malalamiko ya kukatika. Umeme unaokuja mbaya unaweza kuleta hasara kubwa kuliko ule usiokuja kabisa. Panapokuwa na matengenezo, wananchi watangaziwe pia saa inayotazamiwa kuurudisha, ili waweze kuchomoa vyombo vyao.

Kwa wasomaji wetu, tuna neno fupi. Umeme ukikatika, chomoeni jokofu na televisheni. Ukirudi, subirini dakika 5 kabla ya kuchomeka: umeme utulie, na mgandamizo ndani ya kompresa ushuke. Acheni nafasi kati ya jokofu na ukuta ili joto lipate pa kutokea. Walioko karibu na bahari wawaombe mafundi kuisafisha bodi chumvi kabla haijaliwa. Msiifungue wenyewe, kwa sababu zile volti 325 hazimjui mwenye nyumba. Na siku chombo kitakapozimika, mkaambiwa bodi imekufa, ulizeni maswali matatu kwa upole: Umepima nini? Umekuta nini? Kifaa kilichoharibika ni kipi, nikione? Fundi wa kweli atafurahi kuulizwa. Kisha mlipeni kwa kazi yake ya kupima, hata kama hakubadilisha kitu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa leo ni kapasita ya bei ndogo iliyovimba ndani ya jokofu la Madale, au la Mkoani, au la Jang'ombe. Ukuta ni bodi nzima, jokofu jipya, deni dukani, na chungu ya vyuma pale Kibele. Kazi ya kuziba ufa huo inawezekana kwa mikono ya vijana wetu wenyewe. Kilichobaki ni Serikali kuwapa elimu na vipuri, na sisi kuwapa ujira wao wa haki.